Kloni imeonekana, lakini sikukubali iandikwe limfoma

Mitoki ya shingo ndiyo inayonikalisha kwenye hadubini kuliko kitu kingine. Hapa Tanzania inaweza kuwa TB, VVU, limfoma (saratani ya limfosaiti, seli za kinga) au mwili tu unaopambana na maambukizi, na sura zake wakati mwingine zinakaribiana mno. Mgonjwa ninayemkumbuka alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, amekonda, usiku analowa jasho. Alichomwa sindano, vikapatikana vipande viwili vyembamba. Nikaona limfosaiti zilizopondeka, nyingi seli T (aina moja ya limfosaiti; nyingine ni seli B, zinazotengeneza kingamwili), na sehemu zilizokufa. Sikuweza kusema ni limfoma, wala kuikataa.

Bloku, yaani nyama iliyozamishwa kwenye nta, ikapelekwa nje ya nchi kupimwa kloni: kama limfosaiti nyingi zimezaliwa na seli moja, jambo linaloashiria saratani. Kila seli B au T inapokomaa hukata na kuunga upya jeni za kingamwili, au za kipokezi chake ikiwa ni seli T, kwa hiyo urefu wa kiungo hicho hutofautiana baina ya seli na seli. Mtambo husoma urefu huo. Mchanganyiko wa kawaida hutoa vilele vingi. Ukoo wa seli moja hutoa kilele kimoja kirefu. Yetu ilitoa kimoja, kwenye jeni ya gama ya seli T, na jeni za seli B zikawa kimya, bila kilele.

Daktari wa saratani akanipigia siku hiyo hiyo. “Dokta, si ndiyo hiyo sasa? Nianze CHOP?” Yaani mchanganyiko wa dawa za limfoma.

Nikamwomba asubiri. Kwanza, nyama ilikuwa kidogo sana. Limfosaiti zikiwa chache kwenye sampuli, PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, hukuza zile chache tu na kukuonyesha kilele ambacho ni kloni bandia. Ni sawa na kuuliza abiria wawili wa basi wanatoka wapi, kisha useme basi zima limetoka Mtwara. Pili, umri. Wazee wengi wasio na saratani yoyote wana koo kubwa za seli T kwenye damu, na jeni ya gama ina vipande vichache vya kuunganisha, hivyo miungano inayofanana haikosekani.

Cha tatu kilinikera zaidi, maana kilitoka kwetu wenyewe: formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) isiyo na bafa ya kuzuia asidi, na kipande kilichosahaulika humo wikiendi nzima. DNA hukatikakatika. Nikaiandikia maabara nikaomba ngazi ya udhibiti, yaani kipimo kinachoonyesha DNA iliyobaki ina urefu gani, na kipimo chenyewe kirudiwe kwenye mirija miwili, kama miongozo ya 2012 ya EuroClonality, kundi la Ulaya la wataalamu wa kipimo hiki, inavyotaka. Ngazi iliishia jozi 200 za herufi za DNA. Baadhi ya mazao ya jeni ya seli B huanzia jozi 310, kwa hiyo ukimya ule haukuweza kutegemewa. Na mirija miwili ilitoa vilele viwili vya urefu tofauti. Kloni ya kweli hurudi palepale.

Kazi ngumu ikawa kumweleza mwanawe kwa nini baba apasuliwe. “Mara ya pili tena, daktari? Si mlishamchoma?” Nikamwonyesha slaidi, akaona mwenyewe jinsi nyama ilivyokuwa haba. Mtoki mzima ukatolewa, nusu ikaenda mbichi kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya vijidudu vya TB: TB. Nusu niliyoikata mimi ilijaa vinundu vyenye nyama iliyokufa kama jibini katikati, sura ya TB. Alipewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. CHOP ina dozi kubwa ya predinisoloni, dawa inayoshusha kinga ya mwili. Kumpa mwenye TB isiyotibiwa, sipendi hata kuwaza.

Upande wa pili nao nimeuona. Mama mmoja alikuwa na limfoma ya folikuli, aina ya limfoma ya seli B, isiyo na shaka kwenye hadubini, majibu yakaja “hakuna kloni”. Seli za folikuli hubadilibadilisha jeni zao kiasi kwamba praima, vipande vya DNA vinavyoanzisha PCR, hazipati pa kushika. Nikaomba waongeze jeni ya kapa, jeni nyingine ya kingamwili, pamoja na kipande chake cha kufuta, ambacho kwa kawaida hakiguswi na mabadiliko hayo. Kilele kikatoka, mirija yote miwili, mahali pamoja. Hata kisingetoka, ripoti yangu isingebadilika.