Diski iliyokuwepo muda wote

Jumatano, usiku wa manane

Juzi nilimwambia shangazi kwamba diski ya laptopu yake imekufa. Nilimwambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayejua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Kama ndiyo hivyo, basi." Hakuuliza swali hata moja. Ukimya ule ndio ulioninyima usingizi. Ndani ya laptopu ile mna mashairi yake yote, tangu alipostaafu ualimu, na hana nakala nyingine popote. Huyaandika kwenye Notepad, kila shairi faili lake, kwa sababu anataka beti zikae vile vile alivyozipanga.

Ugonjwa ulianza na sasisho lililokatikia njiani. Laptopu ikawa inawaka, inaleta skrini ya buluu, inazima, inawaka tena. Nilipanga kupiga Windows upya bila kufomati, maana ukisakinisha juu ya kigawanyo cha zamani (sehemu ya diski iliyotengwa) bila kukifuta, mafaili yaliyokuwemo husogezwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Nikaandaa fleshi, nikachagua lugha, nikafika pale pa kuchagua diski. Patupu. Hakuna Diski 0, hakuna vigawanyo, ila ujumbe tu kwamba hakuna diski iliyopatikana.

Nikaifungua. Diski yenyewe ni ile ya M.2, upana milimita 22 na urefu 80, haizidi kidole changu cha kati. Imeshikwa na skrubu moja ndogo ambayo ikidondoka utaitafuta kwa magoti. Niliichomoa, nikapangusa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, nikaisukuma ndani mpaka ikakaa sawasawa. Nikajaribu tena. Patupu vile vile. Hapo ndipo nilipochukua simu nikampigia shangazi, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kuna mahali nilikuwa sijatazama bado.

Jana usiku nikaingia bayosi, programu ya laptopu yenyewe inayoamka kabla ya Windows. Ilikuwa pale, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa: jina la diski, namba yake, ukubwa wake GB 512. Nilikaa nikiitazama kwa muda. Diski iliyokufa kweli kwa kawaida haijitaji jina. Kama bayosi inaiona na programu ya kusakinisha haiioni, basi lililokosekana ni la kati yao.

Na la kati lina jina: VMD, kidhibiti cha diski cha Intel. Laptopu ya shangazi ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, na tangu kizazi hicho laptopu nyingi hutoka kiwandani VMD ikiwa imewashwa. Kazi yake ni kusimamia diski za NVMe, zile za kasi kama hii, hasa pale zinapounganishwa kuwa RAID, yaani diski kadhaa kufanya kazi kama moja. Ikiwa imewashwa, Windows haikutani na diski moja kwa moja. Inakutana na VMD kwanza, kama mgeni anavyokutana na bawabu, na diski iko nyuma ya mlango. Bila draiva, programu ndogo ya kuzungumza na bawabu huyo, programu ya kusakinisha haijui hata kama ndani kuna mtu. Ndiyo maana orodha ilikuwa tupu. Diski haikuwa na kosa lolote, wala skrubu ile sikuwa na haja ya kuigusa.

Njia ni mbili. Wengi watakwambia ingia bayosi, zima VMD, yaishe. Ni kweli diski itaonekana, na kwa laptopu isiyo na kitu ndani wala RAID sina neno. Ila Windows iliyosakinishwa VMD ikiwa imewashwa, ukiizima VMD ghafla, mara nyingi hugoma kuwaka na kuleta skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Sikutaka kubadilisha chochote kwenye mashine yenye mashairi ya mtu. Nikachagua njia ya pili, ya kuipa programu draiva inayoikosa.

Draiva hiyo hupatikana kwa Intel na pia kwenye kurasa za msaada za watengenezaji wa laptopu. Usiishie kunakili faili la .exe kwenye fleshi. Lazima ulifungue kwanza, utoe yaliyomo, mpaka upate folda yenye mafaili ya .inf, .sys na .cat. Jina la folda yangu lilikuwa f6vmdflpy-x64, na nililipenda nilipolielewa. Enzi za Windows XP, draiva ya diski iliwekwa kwenye disketi, nawe ulibonyeza F6 mwanzoni kabisa mwa usakinishaji ili isomwe. Disketi zimekwenda, F6 imekwenda, jina limebaki. Na tatizo ni lile lile: programu inayotaka kukaa ndani ya diski isiyojua namna ya kuongea nayo.

Leo usiku nikarudi kwenye ile skrini tupu. Nikabonyeza pale pa kupakia draiva, nikaelekeza kwenye folda. Likatokea jina moja, kidhibiti cha VMD chenye namba 9A0B. Nikalichagua. Nikasubiri sekunde chache ambazo mkono wangu haukutoka kwenye meza. Kisha orodha ikajaa: Diski 0, na vigawanyo vyake vinne.

Sikubonyeza kuendelea. Nilibonyeza Shift na F10 pamoja, likafunguka dirisha jeusi la amri. Nikaandika notepad. Hapo ndani, ukienda kufungua faili, unapata kidirisha cha kuvinjari folda, na humo unaweza kunakili na kubandika kama kawaida. Herufi za diski huwa zimechanganyika, kigawanyo nilichozoea kukiita C kilikuwa D, kwa hiyo nilifungua kimoja kimoja mpaka nikaona jina la shangazi. Bahati nzuri hakikuwa kimefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Kingekuwa kimefungwa, tungeanza kuutafuta ufunguo wake wa tarakimu 48. Nikanakili folda yake nzima kwenye diski ya nje. Hakuna mstari wa kuonyesha umefika wapi, dirisha linaganda tu, nawe unakaa unasubiri bila kugusa kitu.

Lilipoachia, nikampigia. Saa ilikuwa mbaya, lakini alipokea upesi.

"Shangazi, nilikosea. Diski ni nzima. Mashairi yapo."

Kimya tena. Kisha, "Yapo yote?"

"Yote, shangazi. Nimeshayanakili."

"Fungua moja, nisikie."

Notepad ilikuwa wazi bado. Nikafungua la juu kabisa kwenye orodha, nikasoma mstari wa kwanza. Wa pili akauchukua yeye.