Saa Moja, Saa Mbili, Saa Tatu

Likizo ile ya chuo nilikuwa Tanga, kwa mjomba, Ngamiani. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Kila asubuhi nilipanda baiskeli hadi ufukweni Raskazone kupima kina cha maji yakipwa, kwa mti niliouchora alama: saa moja, saa mbili, saa tatu. Nilitaka polinomia ya kipeo cha pili, yaani a + bx + cx², x ikiwa saa, ipite kwenye vipimo vyote vitatu.

Jioni nilikaa barazani kutafuta a, b na c kwa matriki yangu, jedwali la namba ambalo kila mstari ni 1, saa, na saa kipeo cha pili: 1, 1, 1; chini yake 1, 2, 4; kisha 1, 3, 9. Nikatoa mstari kwa mstari, nikagawanya, kila siku upya, na kila siku alama ya kutoa ikanipotea mahali.

Mjomba, mwalimu mstaafu wa hesabu, akaweka chini kikombe cha kahawa.

“Mwanangu, saa zako zimebadilika tangu jana?”

“Hapana, mjomba. Kina tu.”

“Basi matriki ni ile ile. Tafuta kinyume chake, matriki inayotengua kazi ya hiyo, mara moja, ukitumie kila siku. Niandikie polinomia inayotoa 1 saa moja, na 0 saa mbili na saa tatu.”

Hiyo niliiweza. Lazima ibebe (x − 2)(x − 3). Saa moja hutoa 2, kwa hiyo nikagawanya kwa 2: 3 − 2.5x + 0.5x².

“Namba hizo tatu ndizo safu wima ya kwanza ya kinyume.”

Nilinyamaza kitambo. Kumbe matriki ile, ukiipa vizidishi vya polinomia yoyote, yaani a, b na c, hukurudishia thamani zake saa moja, mbili na tatu. Ukiipa vya hii, inarudisha 1, 0, 0. Ndiyo kazi ya kinyume, hakuna zaidi! Ya saa mbili ikanipa −3, 4, −1. Ya saa tatu 1, −1.5, 0.5. Chuoni tulitajiwa jina la matriki ya namna hii, la Vandermonde, Mfaransa, tukapewa na fomula ndefu. Jambo hili hatukuambiwa.

“Na ningepima mara mbili saa ile ile?”

“Determinanti, namba inayoonyesha kama matriki ina kinyume, hapa ni zao la tofauti za saa. Tofauti moja ikiwa 0, zao zima ni 0. Kinyume hakipo.”

Asubuhi nilipata sentimita 190, 132 na 86. Saa mbili na nusu nilikuwa nimeuangalia mti pia, nikaandika 107 pembeni. Nilipiga hesabu ya saa hiyo kwa kinyume changu, palepale mchangani, kwa kijiti. Ikatoka 107.5.

Nilirudi Ngamiani bila kupumzika njiani.