Eti "Ni Wazo Tu"

Leo Ijumaa, na neno la Jumanne bado limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mnaujua mpango wangu wa malori, nimewachosha nao humu tangu Machi: yatoke godauni pale Industrial Area saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya Mombasa Road haijashika. Hatimaye nikapewa dakika 20 mbele ya wakubwa. Nikaonyesha slaidi 22, grafu za dizeli, ramani ya rangi nne (nne!). Madam akasubiri nimalize, akafunga daftari.

"Sawa. Sasa unataka tufanye nini?"

Nami nikasema, "Aa, ni wazo tu, Madam."

Akasema asante, kikao kikahamia suala la choo cha orofa ya pili.

Tangu hapo nimemjibu upya mara mia. Kwenye matatu: "Nataka malori mawili, Madam, kwa wiki mbili." Nikiosha vyombo: "Nipe madereva wawili tu." Hata Jumatano mwenye nyumba alipotupandishia kodi kwa elfu mbili, niliitikia tu, moyoni naongea na Madam.

Na ni mimi niliyewaandikia hapa kwamba M-Pesa ilipoanza 2007, tangazo halikutusomesha mitambo ya simu. Lilisema tuma pesa nyumbani, mtu akajua la kufanya. Mganga hajigangi kweli.

Sasa jana jioni kitindamimba wangu akasimama mbele ya televisheni, katikati ya habari. "Mami, viatu vya mpira vimepasuka. Mechi ni Jumapili. Gikomba viko vya mia sita. Twende kesho ukitoka kazini?"

Nilishika pochi kabla sijajua nimekubali. Nikacheka mpaka mume wangu akachungulia kutoka jikoni. Nikamwambia mtoto arudie polepole, nikaandika nyuma ya risiti ya unga.

Saa nne usiku nikamtumia Madam mistari mitatu: malori mawili, wiki mbili, kuanzia Jumatatu. Askari afungue geti saa kumi na nusu. Naomba ruhusa yako.

Hajajibu, na ajabu sijali sana. Twende zetu Gikomba, matope na yote.

Mama amepiga simu mchana, anasema kikohozi kimeisha. Ila alikata haraka, na Mama hajawahi kuwa wa kwanza kukata.