Folda ya Pembejeo Haikuwa na Mwenyewe

Tabora, Alhamisi usiku

Mama Mhasibu alinipigia simu jana kabla hata sijanywa chai. Ndani ya folda ya Malipo kuna folda ndogo ya Pembejeo, na hiyo ndiyo ilikuwa inamgomea. "Mwanangu, naiona kwa macho yangu, mbona haifunguki?" Soko la tumbaku limepamba moto, AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, zinataka kujua kila mkulima anakatwa kiasi gani cha mbolea aliyokopeshwa, na hesabu zote zimo humo.

Nilipoangalia mmiliki wa folda, hapakuwa na jina. Palikuwa na S-1-5-21 na mkia mrefu wa tarakimu. Windows inamtambua mtu kwa namba hiyo, si kwa jina. Akaunti ikifutwa, namba inabaki yatima kwenye kila faili aliloliacha, na hata ukifungua akaunti mpya yenye jina lilelile, inapewa namba nyingine. Hii ilikuwa ya afisa aliyehamishwa mwaka jana. Siku zake za mwisho aliikokota folda yake binafsi akaiweka ndani ya Malipo, kwa nia njema kabisa, ili wenzake waikute. Lakini folda ikihamishwa ndani ya diski ileile, inakwenda na ruhusa zake za zamani. Angeinakili, nakala ingerithi ruhusa za Malipo na leo tusingekuwa hapa.

Njia ya mkato inajulikana karibu kila ofisi: mpe kila mtu ruhusa ya kila kitu, kelele ziishe. Naipinga kwa moyo wote. Humo kuna majina ya wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge, namba zao za simu, akaunti zao za benki na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, deni la mzee wa Sikonge si habari ya kila anayepita kwenye korido yetu.

Kazi niliifanya jana jioni, watu wakiwa wameshatoka. Kwanza nilihifadhi kwa icacls, amri ya Windows ya kusimamia ruhusa, orodha ya ruhusa za folda zote nilizoweza kuzisoma, ili pawe na pa kurudi. Kisha kwa takeown, amri ya kuchukua umiliki, nikauhamishia umiliki kwa kundi la wasimamizi, si kwa jina langu, maana na mimi nitahama siku moja. Hatua hii lazima itangulie: mmiliki anaweza kubadili ruhusa hata kama mwenyewe amefungiwa nje. Ukipitia kwenye madirisha ya kubonyeza badala ya kuandika amri, kuna mahali kompyuta inakuuliza kama ifute ruhusa zilizopo ikupe wewe mamlaka yote. Wengi hubonyeza Ndiyo kwa haraka, na hapo hapo kumbukumbu ya nani alistahili nini inapotea.

Baada ya hapo nikairudisha Pembejeo irithi ruhusa za Malipo. Kundi la wahasibu wanasoma na kurekebisha, mkaguzi wa ndani anasoma tu. Mama Mhasibu mwenyewe hakuwa hata kwenye kundi la wahasibu. Miaka yote alikuwa amepewa ruhusa kwa jina lake, folda moja moja. Nikamwingiza.

Leo asubuhi akajaribu, ikagoma vilevile. Nikamwomba atoke kabisa kwenye akaunti yake aingie upya, kwa sababu orodha ya makundi ya mtu husomwa pale anapoingia, na yeye kompyuta yake huwa anaifunga kioo tu akaenda nyumbani. Akaandika nywila taratibu, kwa kidole kimoja. Folda ikafunguka, akaanza kusoma majina ya AMCOS kwa sauti, moja baada ya jingine, akitafuta iliyompigia simu tangu jana.

Kinachoniuma ni makabidhiano yetu. Mtumishi akihama tunaandika hati: funguo za kabati, muhuri, vitabu vya risiti, hata kiti chenye mguu mbovu. Anayetoka anasaini, anayepokea anasaini, shahidi naye anasaini. Folda hazimo, wakati siku hizi kazi yenyewe iko kwenye folda. Nimekwenda kwa bosi mchana huu nikamweleza hivyo hivyo, na amekubali hati iongezwe sehemu ya folda anazozimiliki anayeondoka na nani anazipokea. Pia akaunti ya aliyehama itazuiwa tu kwanza, isifutwe mpaka umiliki wote uwe umehamishwa.

Jumatatu naanza na folda ya Stoo. Nimeichungulia kabla ya kutoka, na huko nako namba zisizo na majina zimejaa.