Nilivyoandika historia ya umoja wetu wa wahadhiri wastaafu

Mkutano mkuu uliponikabidhi kazi ya kuandika historia ya umoja wetu, wenzangu walidhani nitakaa na mafaili mezani nimalize. Sisi ni wastaafu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu tuliokula chumvi tukiandika na kusahihisha maandishi ya wengine, kwa hiyo mtu angetegemea kumbukumbu zetu ziwe zimenyooka. Wapi! Mihtasari ya vikao vya mwanzo ilikuwa kwenye kasha la mbao nyumbani kwa katibu wa kwanza, Changanyikeni, na mchwa walishaisoma kabla yangu. Vilivyosalia ni cheti cha usajili, katiba yenye masahihisho ya kalamu nyekundu, na daftari la mweka hazina lenye jalada gumu, ambalo kila mtu aliniambia halina maana kwa sababu ni la michango ya misiba tu.

Naandika haya kwa kuwa wastaafu wa vyuo vingine wameniuliza tulianzaje, na najua wengi wao wako palepale nilipokuwa mimi: wana umoja, hawana karatasi.

Swali la kwanza lilikuwa umoja ulianza lini, na hapo ndipo nilipoona wazee wanavyoweza kugombana. Cheti kilitolewa na Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337, na tarehe iko wazi kabisa. Mimi ningeichukua hiyo nikaendelea na safari. Lakini mzee mmoja wa Kitivo cha Sheria, ambaye ungetegemea awe wa kwanza kuheshimu cheti, alinikatalia katakata. "Dokta, hata mimi cheti cha kuzaliwa nilikipata nikiwa nasoma Tabora. Ina maana nilizaliwa Tabora sekondari?" Nikakosa la kujibu. Kwa maelezo yake, walikuwa wanakutana miaka kadhaa kabla ya usajili, wakichanga na kuzikana, bila jina wala muhuri.

Kuwauliza "mwaka gani?" hakukusaidia kitu. Mtu wa miaka themanini ukimwuliza mwaka anakupa wowote ule, tena kwa uhakika wa profesa. Nikabadili maswali. Badala ya mwaka, nikauliza: wakati huo ulikuwa unaishi nyumba ipi hapa Mlimani? Watoto walikuwa darasa la ngapi? Nchini kulikuwa na jambo gani? Majibu yakaanza kuja yenyewe. Mama mmoja aliyefundisha Elimu alikumbuka kwamba kikao cha kwanza alichohudhuria kilianza kwa kusimama kimya kwa ajili ya waliozama na MV Bukoba, kwa sababu wenzetu wawili kutoka Kagera walikuwa wamepoteza ndugu. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996. Mwingine alishikilia kwamba walisoma rasimu ya katiba kipindi cha mvua za El Niño, maana kikao kiliahirishwa baada ya barabara kuharibika, na hiyo ni kati ya mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998. Wa tatu alikumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alipofariki, Oktoba 1999, walishindwa kukubaliana kama watoe salamu za rambirambi kwa jina la umoja ambao bado haujasajiliwa. Wakatoa kama watu binafsi.

Nilichora mstari kwenye karatasi ndefu, nikapanga matukio ya taifa juu na kauli za wazee chini. Kauli iliyokosa pa kuegemea niliiweka pembeni hadi apatikane mtu wa pili wa kuithibitisha. Ndiyo maana baadaye nikawa nahoji watu wawili wawili. Ukimpata mzee peke yake anakupa hotuba. Ukiwapata wawili, wanasahihishana, na ukweli unapenya katikati ya "hapana bwana, wewe siku hiyo hukuwepo". Simu yangu ilikuwa inarekodi kwa ruhusa yao, juu ya meza, karibu na birika la chai.

Kuna jambo lilinisumbua kidogo: kwa nini umoja wa namna hii uchelewe hivyo, wakati chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961? Nilipokaa sehemu ya East Africana ya maktaba nikisoma machapisho ya zamani ya chuo, jibu likajitokeza. Chuo kilianza na Kitivo cha Sheria peke yake, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mkanada, Cranford Pratt. Hata baada ya kuhamia Mlimani mwaka 1964, waliofundisha wengi walikuwa wageni. Terence Ranger aliongoza Idara ya Historia kisha akaondoka 1969. Walter Rodney aliondoka 1974. Watu hao hawakustaafia hapa. Walimaliza mikataba wakaenda zao. Watanzania wa kwanza walioajiriwa miaka ya 1960, kizazi cha akina Profesa Isaria Kimambo, aliyezaliwa 1931, ndio walioanza kufikisha miaka sitini katika muongo wa 1990. Kabla ya hapo hapakuwa na wastaafu wa kutosha hata kujaza benchi moja. Kwa hiyo umoja haukuchelewa, watu wake ndio walikuwa bado wako kazini.

Na kustaafu Mlimani kulikuwa na jambo lake. Siku hiyo unakabidhi ofisi, na kama ulikuwa unakaa nyumba ya chuo, unakabidhi na nyumba. Majirani wa miaka ishirini wanatawanyika: huyu Makongo Juu, yule Goba, mwingine Mbezi, wengine wanarudi moja kwa moja Moshi, Bukoba au Tukuyu. Hakukuwa na simu za mkononi za kusema. Waasisi wote niliowahoji, bila kuambizana, walinisimulia kisa kilekile: mwenzao mmoja alifariki kijijini kwao, akazikwa, na hapa Mlimani habari zikafika baada ya arobaini. Walioona aibu ile ndio walioitana. Katiba waliyoiandika baadaye inazungumzia "kuendeleza taaluma na utafiti" katika ibara ya malengo, na kuzikana kumewekwa mwishoni kabisa, kama jambo dogo. Wasomi tuna haya zetu.

Hapo ndipo nilipolirudia daftari la mweka hazina, nikaanza kulisoma kwa makini kuliko nilivyowahi kusoma tasnifu ya mwanafunzi.

Lina safu nne alizozipiga kwa rula: tarehe, jina, kiasi, sahihi. Kurasa nyingi za mwanzo hazina mwaka, siku na mwezi tu. Lakini pembeni mweka hazina, mtu wa Biashara, alikuwa akiandika kwa penseli matumizi ya kila msiba: kanga doti mbili, mchele, mkaa, nauli ya wawakilishi. Nauli ndiyo iliyonisaidia. Kurasa za mwanzo zinasema "nauli Kisutu–Moshi", kumaanisha mabasi ya mikoani yalikuwa bado hayajahamia Ubungo. Baadaye inakuja "Ubungo–Bukoba", na kurasa za karibuni zinaanza kutaja stendi ya Mbezi, iliyoanza kazi 2021. Nikaweza kupanga misiba isiyo na mwaka kwa kufuata stendi. Mzee mmoja wa Historia nilipomweleza alicheka hadi akavua miwani, kisha akasema hiyo ni mbinu halali kabisa na niiandike.

Kitu kingine ni ile safu ya sahihi. Kwa miaka mingi imejaa: sahihi za kisomi, ndefu, zisizosomeka. Vodacom walileta M-Pesa nchini mwaka 2008, na si muda mrefu baada ya hapo sahihi zinaanza kupungua, badala yake kuna namba za muamala zilizonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu. Michango ikaongezeka, maana aliyeko Tukuyu sasa anachangia jioni ileile ya msiba. Mahudhurio ya vikao yakashuka. Mihtasari ya kipindi hicho, ambayo ipo, inalalamika kila mara kwamba akidi haikutimia, na mtu akiisoma hiyo peke yake atadhani umoja ulikuwa unakufa. Daftari linaonyesha kinyume chake. Nikaamua historia nzima ijengwe juu ya daftari, na mihtasari iwe ya kusindikiza.

Uamuzi huo haukupokelewa vizuri na kila mtu. Mwenyekiti wetu wa zamani alitaka sura ya kwanza iwe ya viongozi, picha zao na vipindi vyao. Alisema, tena kwa upole, kwamba tutaonekana chama cha kufa na kuzikana. Nilimwambia, "Shikamoo Profesa, lakini ndicho tulicho, na sioni aibu yake." Viongozi wakapewa ukurasa wao nyuma. Picha niliziweka zote, hata ile aliyofumba macho.

Mambo mengine niliyapitia haraka. Mgogoro wa nani ni mstaafu nimeupa aya moja: kulikuwa na waliofikisha umri lakini wakaendelea kufundisha kwa mkataba, na kila mkutano mkuu ulijadili kama walipe ada nusu, ada nzima au wasubiri nje. Walijadili miaka na miaka. Kuunganishwa kwa mifuko ya pensheni mwaka 2018, PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF, kumepata nafasi zaidi, kwa sababu kipindi kile umoja ulifanya kazi ya maana: wajumbe waliokuwa wanaelewa fomu walikaa na wasioelewa, nyumba kwa nyumba, wakipanga barua za ajira za miaka ya sabini ambazo nyingine zilikuwa zimeanza kufutika wino.

Lakini lililonishtua kwenye daftari lilikuwa dogo zaidi. Kuna majina ya wenzetu ambayo misiba yao yenyewe imeandikwa humohumo, na kurasa kadhaa mbele majina yaleyale yanaendelea kuchangia. Mwanzoni nilidhani ni majina yanayofanana. Nilipokwenda kuuliza kwa mweka hazina wa sasa, alitabasamu akanieleza: ni wajane. Mume akishafariki, mama anaendelea kuleta mchango, naye mweka hazina hana pa kumwandika kwa kuwa katiba inasema mwanachama ni mhadhiri mstaafu, basi anaandika jina la marehemu. Mmoja wao amechangia hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Nilikwenda kumwona. Nikamuuliza kwa nini hakudai aandikwe jina lake. "Mwanangu, mimi nilizikiwa mume na watu hawa. Jina litanisaidia nini?" Aliniita mwanangu, na mimi nina wajukuu.

Niliiandika habari hiyo kama ilivyo, na majina ya akina mama wenyewe, kwa idhini yao, nikaiweka kabla ya ukurasa wa viongozi. Rasimu iliposomwa kwenye mkutano mkuu, yule mzee wa Sheria alisimama kabla sijamaliza, akaomba ibara ya uanachama irekebishwe palepale ili mjane au mgane wa mwanachama awe mwanachama kwa jina lake. Kuna aliyeuliza kama akidi imetimia. Tukahesabu, ikatimia. Marekebisho tuliyapeleka kwa Msajili, na kijitabu tulikichapa baada ya hapo, nakala moja ikaenda maktaba. Mweka hazina sasa ameanza daftari jipya, na safu ya jina ameipanua kidogo.