Sikio la kufa

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Ijumaa hii zamu ya tafakari imeniangukia mimi. Mimi si mtu wa mimbari. Umri wangu wa kazi nimeumalizia jamvini, na watoto wa maandalizi wa miaka minne na mitano, kwa hiyo nitasema la huko huko jamvini.

Katika Suratun Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui chochote, akatujaalia kusikia, na kuona, na nyoyo, ili tupate kushukuru. Mwalimu wa watoto wadogo anaiona aya hii kila mwaka mlangoni kwake. Mtoto analetwa siku ya kwanza, kaishika kanga ya mama yake kwa ngumi mbili, hajui kalamu wala hajui moja. Lakini sikio kaja nalo, na limeanza kazi zamani. Mtoto huisikia sauti ya mama yake tangu yumo tumboni, na akishazaliwa tu sisi tunamwadhinia sikioni, wakati macho yake bado yanaona kwa ukungu.

Ndiyo maana huchoka nikiambiwa, "Mwalimu, mwezi wa tatu huu, daftari la mwanangu jeupe, kazi kuimba na kucheza na komwe." Bibi wee, huko kuimba ndiko kusoma kwenyewe. Mtoto ambaye hajasikia kuwa bata na bakuli huanza mdomoni kwa namna moja, utamwandikia herufi mpaka chaki iishe mkononi. Na komwe zile anazozipanga tano tano ndizo hesabu. Haya, nisije nikageuza tafakari kikao cha wazazi.

Nilianza kazi kwenye vituo vya Tucheze Tujifunze, TuTu kama tulivyozoea kuviita, kijiji kimoja cha Pemba si mbali na Wete. Waliokuwepo wanakumbuka: masomo yakija kwa redio. Mwalimu wa redioni anauliza, ananyamaza kidogo, watoto wanajibu. Akisema pigeni makofi matatu, wanapiga matatu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzunguka na kusaidia. Somo zima linapitia sikioni.

Alikuwepo mtoto mmoja wa kiume, miaka mitano. Wenzake wakisimama, yeye kakaa. Unamwita, anachora mchangani. Wenzake wakinyamaza, yeye ndio kwanza anapiga kelele. Nikamhamishia nyuma kabisa, karibu na mlango, asiwaharibie wengine. Na siku moja walimu tumekaa tunakunywa chai, jina lake likatajwa, nikasema, "Yule ni sikio la kufa, halisikii dawa." Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka.

Zikapita wiki tatu hivi. Redio ikasema makofi. Nilikuwa nimesimama mlangoni namtazama yeye tu, na nitasema kweli kwa nini: nilikuwa nangojea akosee. Wenzake wakapiga moja, mbili, tatu. Yeye akapiga moja, mbili, tatu, nyuma yao kidogo, kama mwangwi. Ndipo nikayaangalia macho yake. Hayakuwa kwenye redio wala hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye mikono ya mtoto aliyekaa karibu naye.

Nikachukua sufuria ya komwe, nikapita nyuma yake, nikaiangusha. Watoto wote wakageuka. Yeye aligeuka alipoona wenzake wamegeuka.

Nikainama kulitazama sikio lake, na harufu ikanifika kabla sijaona kitu.

Mama yake alipokuja kumchukua nikamuuliza. "Usaha huo, Mwalimu? Unamtoka tangu yumo mgongoni. Tunamtia mafuta ya nazi, unakauka, unarudi." Hakuwa mzembe. Watoto wengi hutoka usaha masikioni na watu wameshazoea, kama walivyozoea mafua. Kesho yake asubuhi tukapanda daladala ya 606 sote watatu mpaka hospitali ya Chake Chake. Daktari akatwambia sikio likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, atiwe matone, mafuta yasikaribie tena, na asiogelee mpaka pakauke. Hili la mwisho, kwa mtoto wa Pemba, lilikuwa zito kuliko dawa. Ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imetoboka. La kulia lilikuwa na nafuu.

Usiku ule nilisoma Suratul Israa, sura inayoifuata hiyo ya Nahl, nikafika aya ya 36. Nimeisoma tangu nipo chuo cha Kurani, lakini nilisimama hapo. Vitu ni vile vile vitatu, kwa mpango ule ule: masikio, na macho, na moyo. Ila kule vimetajwa kuwa ni neema, na huku tunaambiwa kwamba vyote hivyo vitaulizwa. Na aya inaanza kwa kukataza: usifuate usilo na ujuzi nalo. Miaka yote nilidhani hilo wanaambiwa wazushi na wenye kupeleka maneno nyumba kwa nyumba. Sikumwona ndani yake mwalimu wa maandalizi na kikombe chake cha chai.

Kwani ni ujuzi gani niliokuwa nao juu ya mtoto yule? Nilisikia kelele zake tu. Na mtu asiyejisikia husema kwa nguvu, jambo hili halitaki udaktari. Marehemu bibi yangu alipokuwa kiziwi uzeeni, akiomba maji nyumba ya tatu wanasikia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea hayo maji.

Ipo hadithi ya Abu Qatada ambayo aghalabu husomewa maimamu wanaorefusha sala (na wapo wanaoihitaji, lakini leo tuwaache). Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, amesema kuwa huingia katika sala naye anataka kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kuchelea kumtia mama yake uzito. Hebu mtazame pale alipo. Yuko mbele ya watu wote, kaelekea kibla, na wanawake wako nyuma ya safu za wanaume. Haoni chochote. Kilichomfikia ni sauti tu, sauti ambayo mwengine yeyote angeiita usumbufu. Yeye alimsikia mtoto, na ndani ya sauti ya mtoto akausikia moyo wa mama. Hakusema mtoto atolewe nje. Alichokibadilisha ni sala yake. Mimi nilimpeleka mtoto mlangoni na somo nikaliacha lilivyo.

Siku ya pili nilirudi kwenye chai ile ile nikawaeleza wenzangu. Kumwomba radhi mama yake, ambaye hata hakujua nilichokisema, kulinisumbua kidogo. Kuwatazama usoni wale waliocheka pamoja nami kulinisumbua zaidi. Mtoto mwenyewe sikumwambia kitu, utamwambia nini wa miaka mitano? Nilimhamishia mbele, nikamkalisha upande ambao sikio lake la kulia linanielekea, na redio nikaisogeza karibu naye.

Tangu hapo, wiki ya mwanzo ya kila mwaka, nasimama nyuma ya kila mtoto mmoja mmoja, nimejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, namwita jina lake taratibu. Wao wanadhani ni mchezo. Karibu kila mwaka hutokea mmoja asiyegeuka.

Usaha wa yule wa kwanza ulikauka, lakini sikio la kushoto halikurudi kama linavyotakiwa. Sasa ni mtu mzima, anashughulika na vyombo vya baharini hapo Wete. Nikimwona gatini huzunguka kwanza, nipite upande wake wa kulia. Simuwahi. Keshaniona kwa mbali, na "Shikamoo, Mwalimu!" yake inasikika mpaka majahazini.