Meseji za Nesi

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa anamhamishia baba yake namba kwenye simu mpya, akaniuliza, "Shangazi, huyu 'Nesi' ni nani? Baba kasema meseji zake zisifutwe." Nikamwambia amuulize mwenyewe. Sijui kama ameuliza.

Ni meseji za mwaka ule mtumbwi wa mdogo wangu na wenzake ulipozama nje ya Kibirizi, Ziwa Tanganyika. Yeye aliogelea, wenzake wawili hawakurudi. Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, maana taa hazivuti samaki kwenye mwanga ule, hivyo mwanzoni majirani pale Ujiji walidhani anasubiri giza. Giza likaja, watu wakashuka ziwani, yeye akabaki kwenye jamvi. Wapo waliosema karogwa.

Zahanati alikwenda kwa sababu ya tumbo tu. Nesi akaona zaidi ya tumbo. Alimpa anwani ya ukurasa wa intaneti wenye maelezo ya msongo na mazoezi ya kupumua, lakini kitochi cha mdogo wangu hakikuwa na intaneti. Basi akaomba namba, na kwanza akauliza nani mwingine anashika simu ile. Kwa swali hilo namheshimu mpaka leo. Kwetu simu moja husomwa na nyumba nzima, na neno "akili" likionekana kwenye kioo, mtaa utalijua kabla ya magharibi.

Jioni moja nilikuwa nachambua dagaa, simu ikalia. Akasoma, akaiweka. Akaichukua tena, akanisogezea nisome: "Kaka, habari za jioni. Jana ulilala? Nijibu NDIYO au HAPANA, inatosha."

Akaanza kubonyeza. Kitochi kile kililia kwa kila kitufe: nne mara mbili, kisha mbili, kisha saba. Akakosea, akafuta, akaanza upya. Kidole gumba kilikuwa kinatetemeka. Mikono yangu ikasimama juu ya ungo, nikaogopa hata kukohoa. HAPANA. Akatuma, akalala kifudifudi, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu ajali.

Baada ya hapo mazoezi yalikuja vipande vipande, kila kimoja ndani ya herufi 160, kwani ndipo meseji moja inapoishia. Kisha miadi hospitali ya Maweni, dawa, miezi. Akarudi ziwani.

Baadaye nilisoma habari za Jerome Motto, daktari wa San Francisco aliyewaandikia barua fupi za kuwajulia hali wagonjwa waliotoka hospitali na kukataa kufuatiliwa. Matokeo yalichapishwa 2001: katika miaka miwili ya mwanzo, waliopata barua walijiua wachache kuliko wasiopata. Barua zile hazikudai jibu lolote.

Lakini mdogo wangu alipata na dawa, na mke asiyechoka, na wavuvi waliomfuata nyumbani. Siwezi kusema kipi kilimrudisha. Kinachonisumbua ni kwamba kila asubuhi mimi nilikuwa namuuliza ana kwa ana kama amelala, naye akinijibu, "Nimelala vizuri, dada."